TAHARIRI: Vumbi la Majengo Yetu na Haki ya Jirani

Miji yetu inajengwa kwa kasi ambayo wazee wetu hawakuiona. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam ukiwa na watu 4,364,541, na sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu 5,383,728. Yaani katika muda wa miaka 10 mkoa mmoja uliongeza watu zaidi ya milioni moja, na wote hao wanahitaji mahali pa kulala, pa kufanyia biashara, pa kusomesha watoto wao na pa kumwabudia Mola wao. Dodoma nako, tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huko, viwanja vilivyokuwa pori vimegeuka kuwa mitaa. Kujenga ni neema, na hapana mwenye akili timamu anayeichukia neema hiyo.

Hata hivyo, kila panapojengwa pana vumbi. Lori la kifusi linapita bila ya kufunikwa na kuacha wingu nyuma yake. Mchanga unachekechwa mkavu huku upepo ukivuma. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unapasuliwa kwa beleshi na kumwagwa, na aliyeushika hana hata kitambaa puani. Mashine inakata marumaru ukutani mwa jirani tangu asubuhi hadi magharibi. Watu wamelizoea vumbi hilo kiasi kwamba anayelilalamikia huonekana mtu wa makuu, na jibu analopewa ni kwamba vumbi halijaua mtu.

Tunakusudia kueleza hapa kwamba jibu hilo si la kweli, kwamba kulizuia vumbi hakuhitaji mali nyingi, na kwamba wanaopasa kutangulia katika kulizuia ni waumini, na hasa kamati zinazosimamia ujenzi wa misikiti na madrasa.

Vumbi linaloua halionekani

Vumbi si la namna moja. Chembe zake kubwa, zile zinazoonekana zikitanda juu ya meza na majani ya miti, nyingi hunaswa na pua na koo, na mtu huzitoa kwa kupiga chafya au kukohoa. Zenye hatari zaidi ni zile ndogo ambazo jicho halizioni moja moja. Unywele wa mwanadamu una unene wa kiasi cha mikromita 70. Chembe zisizozidi mikromita 10 hupenya kifuani, na zile zisizozidi mikromita 2.5 hufika ndani kabisa ya mapafu, na baadhi yake huingia katika damu. Chembe hizi hubakia hewani kwa muda mrefu baada ya wingu la vumbi kuonekana limetulia. Kwa hiyo anayesubiri vumbi litulie ndipo afungue dirisha hajasalimika bado.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa hewa safi. Lilipendekeza kwamba wastani wa mwaka wa chembe zisizozidi mikromita 10 usivuke mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo ya hewa, na wa zile zisizozidi mikromita 2.5 usivuke mikrogramu 5. Shirika hilo linakadiria kwamba katika mwaka 2019 hewa chafu ya nje ya nyumba ilisababisha vifo vya watu milioni 4.2 duniani kabla ya wakati wao. Ni kweli kwamba vifo hivyo havikutokana na ujenzi peke yake, kwani yamo magari, viwanda na moto wa takataka. Lakini mapafu hayabagui chembe kwa asili yake, na vumbi la ujenzi huongezwa juu ya yale yote ambayo mkazi wa mjini ameshayavuta.

Liko jambo zito zaidi. Mchanga, mawe, zege, matofali na marumaru vyote vina madini yanayoitwa silika. Yakiwa ndani ya jiwe hayamdhuru mtu. Yanapokatwa, kutobolewa au kusagwa yakiwa makavu, huwa unga mwembamba ambao ukiingia mapafuni hautoki. Mapafu hujaribu kujitetea, na katika kujitetea huko hufanya makovu, na mapafu yenye makovu hushindwa kupumua. Maradhi haya huitwa silikosisi. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, lakini vumbi likiwa jingi sana huja mapema. Hayana dawa ya kuyaponya. Isitoshe, aliyepatwa nayo huwa mwepesi mno wa kushikwa na kifua kikuu, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani liliziorodhesha kwa miaka ya 2021 hadi 2025 kuwa zina mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Tangu mwaka 1997 wataalamu wa saratani wa shirika hilo wamekwisha kuihesabu silika ya namna hii kuwa ni kitu kinachosababisha saratani kwa binadamu.

Somo la Hawks Nest

Anayedhani kwamba tunatisha watu na ayaangalie yaliyotokea Marekani katika jimbo la West Virginia. Mwaka 1930 ilianza kuchimbwa njia ya maji ndani ya mlima, mahali panapoitwa Hawks Nest, yenye urefu wa karibu kilomita 5. Mwamba ule ulikuwa na silika nyingi. Ilijulikana tayari zama zile kwamba kutoboa mwamba huku maji yakimwagwa hupunguza vumbi, lakini kazi ilifanywa kwa haraka na mwamba ukatobolewa mkavu. Wengi wa vibarua walikuwa watu weusi waliotoka majimbo ya kusini kutafuta riziki katika miaka ya dhiki. Wakaanza kufa, baadhi yao kabla hata ya kutimiza miaka miwili tangu kuingia kazini. Bunge la Marekani lilipolichunguza jambo hili mwaka 1936, idadi ya waliokufa iliyotajwa mbele yake ilikuwa 476. Daktari Martin Cherniack, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1986, alikadiria kuwa walizidi 700.

Watu wale hawakuuawa kwa ujinga, maana dawa ya vumbi lile ilijulikana, nayo ilikuwa maji. Waliuawa kwa sababu aliyekuwa na haraka hakuwa yeye anayelivuta vumbi.

Wala jambo hili si la kale tu. Australia, nchi yenye sheria kali na vifaa bora, iliona vijana wake wanaokata mawe ya kutengenezwa kiwandani kwa ajili ya meza za jikoni wakipatwa na silikosisi wakiwa bado na nguvu zao. Kuanzia tarehe 1 Julai 2024 nchi hiyo imepiga marufuku mawe hayo kabisa. Ikiwa nchi tajiri imeona afadhali kuiacha bidhaa nzima kuliko kuwapoteza mafundi wake, sisi tunasema nini juu ya saidia fundi wetu anayekata zege mchana kutwa huku amefunga shati puani?

Nani anayelipa gharama?

Mwenye nyumba hupata nyumba, na mkandarasi hupata malipo yake. Lakini wako wawili ambao hulipa bila ya kuulizwa.

Wa kwanza ni fundi na msaidizi wake. Huyu huja alfajiri, hulipwa kwa siku, na jioni huondoka na ujira wake pamoja na vumbi kifuani mwake. Akianza kukohoa baada ya miaka 10 hatakumbuka ni ukuta wa nani uliomdhuru, wala mwenye ukuta hatamkumbuka yeye. Nchi yetu inao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya mwaka 2008, nao ni jambo jema; lakini kibarua wa siku moja, ambaye jina lake halikuandikwa popote, hana njia nyepesi ya kuthibitisha madai yake.

Wa pili ni jirani. Huyu hakuajiriwa wala hakulipwa. Ni mtoto mwenye pumu ambaye usiku wake umekuwa mrefu tangu ujenzi uanze. Ni mzee ambaye moyo wake hauhimili tena hewa nzito. Ni mama lishe ambaye sufuria zake ziko hatua chache kutoka kwenye lundo la mchanga, na wateja wake wamepungua. Mara nyingi jirani hunyamaza, kwa kuwa anayejenga ni mtu mwenye uwezo, au kwa kuwa kinachojengwa ni msikiti na anaona haya kuonekana anapinga jambo la kheri.

Hapa ndipo tunapoomba wasomaji wetu wazingatie sana. Kunyamaza kwa jirani si ridhaa. Wanazuoni wametufundisha kwamba haki za Mwenyezi Mungu hufutwa kwa toba ya kweli, lakini haki za waja haziondoki mpaka mwenye haki alipwe au asamehe. Pumzi ya jirani ni haki yake. Mwenye kiwanja anamiliki ardhi yake hadi kwenye mpaka uliowekwa jiwe, lakini hewa haina jiwe la mpaka. Anayeichafua amevuka mpaka wa mwenzake hata kama ukuta wake haukuvuka.

Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwataka wale waliokula kitunguu thaumu kibichi wajiepushe na msikiti, ili wasiwaudhi wenzao kwa harufu. Ikiwa harufu ya chakula cha halali, ambayo huisha baada ya saa chache, ilitosha kuwa sababu ya kumzuia mtu kuingia msikitini, basi vumbi linalobaki kifuani mwa mtoto maisha yake yote lina uzito gani? Yeye pia ndiye aliyetufundisha kuwa kuondoa njiani kitu kinachowaudhi watu ni sehemu ya imani. Basi itakuwaje kwa anayekiweka?

Wapo wasemao kwamba vumbi ni udongo tu, na udongo ni tohara, tunatayamamia. Hayo ni kweli kuhusu udongo kama alivyouumba Mola. Lakini tayamamu ni kupaka juu ya uso na mikono. Hapana aliyeamrishwa kuuvuta mapafuni. Na unga wa zege lililokatwa kwa mashine si udongo wa shambani.

Yanayoweza kufanywa

Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa maradhi yasiyo na tiba kinga ndiyo pekee iliyopo. Tunayataja hapa mambo ambayo kila anayejenga, awe mtu binafsi au kamati, anaweza kuyatekeleza.

La kwanza ni maji. Mchanga na kifusi vinyunyiziwe kabla ya kupakuliwa na kabla ya kuchekechwa, na njia ya malori ndani ya eneo inyunyiziwe mara kwa mara wakati wa kiangazi. Marumaru, mawe na zege vikatwe kwa mashine iliyotengenezwa kutumia maji. Tunasisitiza neno iliyotengenezwa, kwani kuimwagia maji mashine ya umeme isiyokuwa ya namna hiyo ni kujitafutia kifo kwa njia nyingine. Sakafu yenye vumbi isifagiliwe kavu, inyunyiziwe kwanza.

Huenda mtu akauliza maji yatoke wapi, na sote tunakumbuka mgao wa maji uliolikumba Jiji la Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2022 baada ya kina cha mto Ruvu kushuka. Jibu ni kwamba kutuliza vumbi hakuhitaji maji ya kunywa. Maji ya kisima yenye chumvi, yasiyofaa kuchanganyia zege la nondo, yanafaa kunyunyizia ardhi. Na msikiti unayo hazina ambayo nyumba nyingine hazina, nayo ni maji yaliyokwisha kutumika katika udhu. Maji hayo si najisi. Yakielekezwa katika pipa au shimo lililojengewa badala ya kuachwa yapotee mferejini, yatatuliza vumbi la uwanja bila ya israfu.

La pili ni kufunika. Lundo la mchanga lifunikwe kwa turubai, hasa usiku na wakati wa upepo. Lori la kifusi lisiondoke bila ya kufunikwa. Eneo lizungushiwe mabati, na jengo la ghorofa lizungushiwe wavu upande wa majirani. Mifuko ya saruji ifunguliwe mahali palipokingwa na upepo, imwagwe taratibu na kwa ukaribu, si kwa kurushwa.

La tatu ni kuacha kuchoma. Mifuko mitupu, mabaki ya plastiki na mbao zilizopakwa dawa au rangi zisitiwe moto katika eneo la ujenzi. Moshi wake ni sumu ya namna yake. Jenereta nalo liwekwe mbali na madirisha ya watu.

La nne ni kumkinga mfanyakazi. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe ndogo za silika. Inatakiwa barakoa maalumu ya kuzuia vumbi, inayobana vyema usoni. Hapa liko jambo linalowahusu wengi wa ndugu zetu: barakoa ya namna hiyo haibani vyema juu ya ndevu, na hewa yenye vumbi hupenya pembeni. Hatusemi fundi anyoe ndevu zake. Tunasema kwamba barakoa ni kinga ya mwisho, na kwamba wajibu wa mwenye kazi ni kulizuia vumbi pale linapotokea, kwa maji na kwa kufunika, ili mfanyakazi asitegemee kitambaa peke yake.

La tano ni kuzungumza na majirani kabla ya kazi kuanza. Waambiwe ni siku gani patavunjwa na ni siku gani patakatwa mawe, ili mwenye mgonjwa ajue la kufanya. Kazi zenye vumbi kali zisifanywe wakati watoto wanapoingia na kutoka madrasa.

Sheria nayo ipo

Hatuyasemi haya kama nasaha tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake na kuwapatia vifaa vya kujikinga. Kwa kazi kubwa za barabara, kama zile za njia za mabasi yaendayo haraka ambazo awamu yake ya kwanza, kutoka Kimara hadi Kivukoni, ilianza kutoa huduma mwaka 2016, athari kwa mazingira hutathminiwa kabla ya kazi kuanza, na kutuliza vumbi ni miongoni mwa hatua ambazo mkandarasi hutarajiwa kuzichukua. Mwananchi anayo haki ya kumuuliza msimamizi wa kazi: ratiba ya kunyunyizia maji iko wapi, na mbona leo gari la maji halikuja? Akipuuzwa, zipo ofisi ya serikali ya mtaa na afisa afya wa kata. Kuuliza kwa adabu na kwa kuandika si fitina. Ni kukataza madhara.

Lakini haitatupendeza kuwaelekezea kidole wakandarasi wa barabara huku msikiti unaojengwa mtaani unafanya yale yale. Msikiti hujengwa kwa michango ya watu wengi, shilingi kwa shilingi, na mara nyingi kwa nguvu za vijana wa kujitolea ambao hubeba saruji na kuchekecha mchanga siku za mapumziko. Vijana hawa ni amana. Aliyejitolea nguvu zake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hakujitolea mapafu yake.

Kwa hiyo tunaziomba kamati zote za ujenzi zifanye mambo matatu kuanzia sasa. Kwanza, katika kila makadirio ya ujenzi, pamoja na nondo, saruji na mabati, kiandikwe kifungu cha maji, turubai na barakoa, na mchango wake uombwe waziwazi mbele ya jamaa. Pili, ateuliwe mtu mmoja mwenye kauli ambaye kazi yake ni kusimamia vumbi, na awe na uwezo wa kusimamisha kazi upepo ukizidi. Tatu, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, imamu au mwenyekiti wa kamati awatembelee majirani wote wa eneo, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, na kuwapa namba ya simu ya kupiga wanapopata udhia. Gharama ya mambo haya ni ndogo kuliko gharama ya mnara, na pengine italeta heshima kubwa kuliko mnara.

Hapana shaka kwamba anayejenga nyumba ya Mwenyezi Mungu anatarajia malipo makubwa. Na ajihadhari asije siku ile akakuta malipo hayo yamechukuliwa na jirani aliyekosa usingizi na kibarua aliyekosa pumzi, kila mmoja akidai haki yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie majengo yenye baraka, majirani walioridhika na wafanyakazi wenye afya. Amin.